Ile Makumi Tatu na Saba Hukuandika

Kolwezi, tarehe 5 ya mwezi wa pili 2023

Jocelyne, mwanangu,

Moyo, nakusalimia! Mi niko muzima. Goti ya kushoto inanitangazia mvua mbele haijanyesha, na mwaka huu haijadanganya hata mara moja. Jirani wetu Mama Mujinga anakusalimia. Binti yake Tatiana alizaa mapacha, na sasa mu nyumba yao hakuna mutu anayelala. Muti ya avoka nyuma ya jikoni ilianguka na upepo, Mungu alisaidia, haikuangukia mutu.

Telefone niliichoka. Huko kwenu Musumba réseau inaingia sawa mugeni mwenye haya: allo, allo, kisha kimya. Heri niandike. Mechack, dereva wa kamiyo ya mizigo, anakuletea barua hii mu mukono.

Shauri yangu ni hii. Ile ordinateur yako, kompyuta kubwa nyeusi ya michezo, yenye ulijengaka mwenyewe kipande kwa kipande wakati ulikuwa unasoma informatique, uliiacha mu chumba yako siku hopitali ya Musumba ilikuita kuchunga mashini zao. Usikasirike: niliifungua. Nilitaka tu kupanguza vumbi. Nikakuta ule muchezo wa treni.

Unajua baba yako. Miaka makumi tatu na moja niliendesha treni ya manganeze toka Kisenge. Nilipopewa retraite, pumuziko ya bazee wa kazi, nilizani mikono itasahau. Haikusahau. Sasa naendesha huko Ulaya, mu theluji, na nafika kwa saa yake.

Lakini mashini iko na ugonjwa. Mu pori inatembea muzuri. Nikikaribia gare kubwa, kituo ya treni, pale batu ni bengi na mizigo yao, picha inaanza kukwama: inasimama, inaruka, inasimama tena. Navuta frein kusimamisha treni, yenyewe inashika nyuma ya muda. Juma iliyopita nilipita gare mita mia mbili. Mi, Louis Tshiamala, mwenye hakupitakaka signal hata moja!

Glodi mutoto wa dada yangu anasema carte ya picha ilizeeka, tuitupe. Sitaki kutupa kitu chako mbele ya kukuuliza.

Tata yako,
Louis

Kwa Pasaka Mechack atakuwa na nafasi moja mbele, pembeni yake. Nilimuuliza.


Musumba, tarehe 12 ya mwezi wa tatu 2023

Tata,

Barua yako ilifika na alama ya mafuta mekundu ya ngazi, lakini kila neno linasomeka. Niko muzima. Naishi bado na Abigaëlle, ule muganga niliyekuambia. Alipanda tomati pa madirisha yote na sasa nyumba inanuka majani. Umeme wetu hapa ni wa jua. Mvua ikikaa siku tatu, tunaandika majina ya bagonjwa na kalamu. Pongezi kwa Tatiana.

Sasa mashini. Usimusikilize Glodi. Mbele ya kutupa kitu tutafute kwanza nani anachelewesha mwenzake.

Mule ndani kuna bafanyakazi babili. Processeur njo inahesabu: treni iko wapi, frein inashika namna gani, kila mutu pa gare anakanyaga wapi. Ikimaliza kuhesabu, inapatia carte ya picha kazi ya kuchora. Mu pori hakuna batu, hesabu ni kidogo. Pa gare hesabu ni mingi. Kama processeur inachelewa, carte inaikala bure inangojea, hata kama ni carte muzuri namna gani. Ni vile ninazani. Lakini tusizani, tupime.

Kipimo ya kwanza: mu mipangilio ya muchezo, punguza ukubwa wa picha mpaka nusu. Kisha ingia mu gare. Kuna namba mu pembe ya juu, inaonyesha picha ngapi zinapita kwa segonde moja. Namba ikipanda, carte njo ilikuwa inashindwa. Ikibaki pale pale, carte haina kosa.

Kipimo ya pili: ukiwa mu gare, finya Ctrl, Shift na Esc pamoja. Dirisha itafunguka. Niandikie processeur iko ku ngapi kwa mia, na carte ku ngapi.

Na toa vumbi mule ndani, na mashini ikiwa imezimwa. Joto pia inapunguza nguvu.

Kwa Pasaka sijui. Kazi ni mingi.

Jocelyne


Kolwezi, tarehe 10 ya mwezi wa ine 2023

Mwanangu,

Moyo na Pasaka njema, hata kama ilipita jana. Misa ilikuwa ndefu, koro iliimba muzuri, Mama Mujinga alinipikia kuku juu aliona nilitayarisha meza ya batu babili. Nilimuambia nilikosea hesabu. Mbele ya sikukuu nilipaka chokaa pa kaburi ya mama yako, na nilingoa majani. Iko safi.

Nilifanya kazi yako sawa ulivyosema. Vumbi: nilitoa kopo mbili kamili, na panya moja mukavu. Sasa ndani hakuna joto, naweka mukono, ni uvuguvugu tu.

Picha nilipunguza nusu. Ikakuwa mubaya, nyuso za batu sawa bukari, ugali iliyoharibika. Lakini namba pa gare: mbele ilikuwa 19, nyuma ya kupunguza ni 19 tu. Nilirudia mara tatu, nikaingia mu gare moja mara tatu. 19, 20, 19.

Dirisha ya kazi: processeur 100. Carte 38.

Kwa hiyo ni weye njo ulisema kweli, na Glodi aende kulala. Lakini nashangaa kitu kimoja. Mama Mujinga anasema wakati ulikuwa hapa, weye na Glodi mulichezaka muchezo huu huu na gare hii hii, na haikukwama. Mashini ni ile ile. Muchezo ni ule ule. Nini ilibadilika?

Chumba yako nilibadilisha mashuka. Nitaacha vile.

Tata yako


Musumba, tarehe 20 ya mwezi wa tano 2023

Tata,

Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na bagonjwa bengi ba malaria, na mi nilikuwa naandika kadi zao toka asubui. Abigaëlle anakusalimia. Tomati zake zilikufa.

Vipimo vyako ni vya fundi. Picha ilipungua na namba haikupanda: carte haina kosa. Processeur 100, carte 38: njo jibu. Carte inangojea. Haukupita gare kwa uzembe wako, frein ilikuwa inangojea hesabu.

Na ulizo lako njo lenyewe. Kama mashini ni ile ile na muchezo ni ule ule, basi kuna kitu kingine kinakula processeur, kitu kisichokuwa pale zamani. Nakulomba hivi: funga muchezo kabisa. Fungua ile dirisha tena. Bila muchezo, processeur inapashwa kupumuzika, tatu kwa mia, tano, hata kumi. Andika namba ya jumla. Kisha chini kuna majina ya kila kitu kinachotembea, na namba pembeni. Niandikie yote, hata ile unaona haina maana.

Asante kwa chokaa.

Jocelyne


Kolwezi, tarehe 11 ya mwezi wa sita 2023

Jocelyne,

Moyo. Niko muzima, baridi ilianza, bale mapacha banakohoa kidogo.

Jumla: 44.

Majina: ile inayochunga virusi, 2. Ile ya saa na mwangaza, 1. Sauti, 1. Dirisha yenyewe ya kuangalia, 1. Moja yenye jina ndefu ya Kizungu, 1. Ile inayopanga mafaili, 1.

Ni hayo tu. Labda mashini ilizeeka sawa mi. Kama haiwezekani, tuache. Naweza kuendesha mu pori tu, bila kuingia mu gare. Usijisumbue tena na shauri hii.

Tata yako


Musumba, tarehe 16 ya mwezi wa saba 2023

Tata,

Niko muzima. Natumaini bote pale ni bazima.

Nilijumlisha. Mbili, moja, moja, moja, moja, moja: ni saba. Jumla uliandika 44. Makumi tatu na saba inakosa.

Nilizani ulikosea. Lakini mutu anayerudia kipimo mara tatu hakosei kuandika mustari moja, na ule mustari wenyewe njo ulikuwa wa kwanza, wa juu kabisa, juu dirisha inaanzaka na mukubwa. Uliuruka. Na kisha ukaniambia tuache.

Tata, hauko mutu wa kuacha. Uliwahi kushuka mu treni na kutembea kilometa mbili juu ya reli kutafuta bulo moja, bolti ya reli, iliyolia.

Nitakuambia kitu. Niliposoma barua yako nilikasirika kuliko inavyofaa kwa namba. Abigaëlle aliniuliza: «Ni mashini tu, juu ya nini unakasirika hivi?» Jibu halikuwa lake. Sasa nakujibu weye. Miaka mbili iliyopita nilisafiri siku tisa kufika kwa mama mugonjwa, nikakuta mulimuzika. Nilikuuliza nani alisema. Uliniambia bazee walikata shauri. Sikukuuliza tena. Nililala usiku moja, nikarudi huku, na tangu pale tunaandikiana habari za kuku na mvua.

Sikuulizi ile. Nakuuliza tu makumi tatu na saba ni nini. Ulizo hii ndogo, Tata, nijibu.

Jocelyne


Kolwezi, tarehe 24 ya mwezi wa kenda 2023

Jocelyne,

Mechack alipita mara mbili kulomba barua, na mara mbili nilimuambia haijaisha. Haikuwa hata imeanza. Batu wote ni bazima. Leo salamu ni hiyo tu.

Makumi tatu na saba ni mama yako.

Glodi alimukamata mu video ya telefone yake mupya kule hopitali, siku mbili mbele ya kufa. Ni dakika ine. Mama yako Kabedi anaikala pa kitanda, anaongea. Kisha matanga, Glodi aliitia mu ordinateur, akasema: «Yaya Jocelyne atataka kuiona.» Ulipokuwa unarudi Musumba sikukuambia iko.

Naifungua asubui, kisha chai. Ikifika mwisho inaanza yenyewe tena. Naiweka nyuma ya muchezo, siioni, nasikia tu sauti. Naendesha treni, yeye anaongea. Mpaka mangaribi. Sikujua kwamba kuongea kwake kunakula nguvu ya mashini. Siku uliponilomba majina niliona mustari wa kwanza, nikajua. Naweza kuifunga, nikapata gare yangu. Sikuifunga.

Sasa nikuambie anasema nini. Kwanza anamukaripia Glodi juu anamukamata bila kuchana nywele. Anacheka. Kisha anakuita. Anasema: «Jocelyne, najua uko njiani. Barabara ni mubaya, usimuharakishe dereva.» Anauliza kama unakula muzuri huko. Kisha anageuza kichwa. Mi nilikuwa pa mulango. Anasema: «Louis, nikienda, musinizike mutoto hajafika. Atataka kunivalisha mwenyewe.» Na unasikia mi najibu: «Ndiyo, Kabedi.»

Sauti ni yangu kabisa. Hakuna mutu anaweza kusema si yangu.

Alikufa siku ya ine ya safari yako. Kaka yangu alisema daraja lilibebwa na mayi, hatujui kama uko njiani ao ulirudi. Bazee walinitazama. Hawakukata shauri, Jocelyne. Waliniuliza. Walisema: «Ni bibi yako, sema weye.» Nilikuwa siku tano bila kulala. Batu walijaa mu parsele, pa kiwanja chetu, banapika, banalia, banauliza viti viko wapi. Nilitaka iishe. Nikasema tuzike siku ile ile. Mutu hakunilazimisha.

Ulifika na matope mpaka magoti, siku ya tano nyuma ya maziko. Ukauliza nani alisema. Nikakudanganya, nikiangalia viatu vyako.

Kila siku anasema musinizike, na kila siku najibu ndiyo. Sasa unajua.

Louis


Musumba, tarehe 29 ya mwezi wa kumi 2023

Tata,

Nilipata barua yako pa kazi. Niliifungua mbele ya batu nikizani ni mambo ya mashini. Abigaëlle alinipeleka nyumbani.

Wiki tatu niliandika barua na kuzipasua. Zingine zilikuwa na maneno ambayo mutoto haambii muzazi. Zingine zilikuwa za kukuhurumia, na hizo pia nilizipasua, juu hazikuwa kweli bado. Hii ninaituma juu inasema tu ile ninayoijua.

Ninayoijua ni hii. Telefone mupya inafinya video mu namna ambayo carte yetu ya zamani haijui kuifungua. Kwa hiyo processeur inafanya kazi ile peke yake, segonde kwa segonde, siku nzima. Njo maana inachoka. Video ile inaweza kugeuzwa ikuwe ya namna ya zamani. Nikiigeuza itakuwa nyepesi, haitafika hata tano kwa mia, na utaweza kuingia mu gare na yeye anaongea.

Usimuache Glodi aiguse. Usiifute.

Nitapanda na Mechack mbele ya Noeli. Usinitayarishie maneno. Usiite bazee. Nitaiangalia kwanza, kisha tutaona kama tunaweza kuikala mu nyumba moja.

Jocelyne


Kolwezi, tarehe 14 ya mwezi wa kwanza 2024

Jocelyne, mwanangu,

Moyo. Mechack anasema mulifika muzuri na daraja linashika. Nashukuru Mungu. Mama Mujinga anauliza kama ulivaa ile pulovere ya baridi aliyokufumia. Nilimuambia ndiyo, bila kujua.

Nakuandikia mambo ambayo tulifanya pamoja, hata kama ulikuwa pale, juu pa mudomo sikuweza.

Ulipofika haukuweka hata mufuko chini. Uliingia mu chumba, ukaiangalia ukisimama, dakika ine nzima. Nilikuwa pa mulango. Ilipofika pale najibu «Ndiyo, Kabedi», nilitaka kutoka nje, na uliniambia bila kugeuka: «Bakia.» Nikabakia. Ukavuta kiti, ukaiangalia mara ya pili, na mara ile ulicheka pale pa nywele. Sikuwa nimekusikia kucheka mu nyumba hii tangu siku uliondoka.

Pa kaburi uliniambia: «Tata, siwezi kusema imeisha. Haijaisha. Lakini Pasaka nitakuya.» Mbele yako nilisema tu ndiyo. Hapa nasema: sikulombi uimalize. Unikasirikie mpaka hasira ichoke yenyewe. Nilikuwa na haki ya kuchoka siku ile. Kukudanganya, ile haki sikuwa nayo, wala kukuficha sauti yake miaka mbili. Alikuwa anaongea na weye. Mi nilikuwa nasikiliza barua ya mutu mwingine.

Njo maana ulipotaka kuigeuza, kuifanya nyepesi, uniachie nakala yangu, nilikataa. Ulizani ni kiburi. Uliniuliza mara tatu, na kidole chako kilikuwa tayari. Nilisema: itie yote mu clé USB yako, ku mashini isibaki kitu. Ulifanya vile, asante.

Sasa vipimo, juu najua utauliza. Bila muchezo, processeur iko ku 6. Pa gare, 71. Carte 90. Namba pa pembe: 58. Jana niliingia mu gare ile kubwa, batu wote walitembea sawa batu, na mizigo yao, na nilisimama pa alama, hata mita moja haikuzidi. Nilikaa pale kidogo. Nilingojea kama mutu atasema kitu. Kisha nikazima.

Siifungui sana tena. Inatembea muzuri kabisa, hakuna kosa, lakini nyumba iko kimya, na treni bila sauti yake ni chuma tu. Nilizani kimya hii itaniua. Haikuniua. Asubui nakunywa chai, na pale nilizoea kumufungua, naongea mi mwenyewe, kwa sauti, sawa mupumbavu. Namuambia Kabedi mambo yale sikumuambiaka: juu ya siku ile, juu ya bazee, juu ya viatu vyako na matope. Hajibu. Lakini naona sasa kwamba nilikuwa na mengi. Kila siku naongea kupita dakika ine zake.

Tata yako,
Louis